Radhi ya Mbwana wa Mivinjeni

Watu wa Mtsangani walimwita Mbwana "Bwana Afya," na hawakumwita hivyo kwa heshima. Vijana wa bodaboda walimpigia kelele akipita na ufagio wake begani: "Bwana Afya, leo umetukamata kwa kosa gani?" Naye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Kosa lako," alijibu, "ni kwamba mamako hakukuonyesha jaa liliko." Wakacheka wao, akacheka na yeye, akaendelea na safari yake ya Mivinjeni.

Chiku, dada yake aliyemfuata kuzaliwa, hakucheka. Yeye aliona haya. Walikaa ua mmoja, kaka mjane na dada mjane, na Mbwana hakuwa na mtoto aliyebakia hai, kwa hivyo kila alilolifanya kaka mtu lilirudi mlangoni kwa Chiku. Akigombana na mtu pwani asubuhi, jioni mke wa yule mtu hanunui kachori za Chiku.

Kazi ya Mbwana ilikuwa kuezeka makuti. Nyumba nyingi za wageni kuanzia Diani hadi Msambweni amezipanda mgongoni. Magoti yalipokataa ngazi, na sukari ikaanza kumsumbua, aliteremka chini akabaki na ufagio. Hakuna aliyemwajiri. Mivinjeni si pa mtu. Ni kipande cha ardhi ya umma kilichobanwa baina ya kuta mbili za mahoteli, na kwa watu wa Mtsangani ndiyo njia pekee iliyosalia ya kuteremkia baharini. Kuna mivinje iliyojipanga ukingoni, mchanga mweupe, na kibao cha serikali kilichoanza kula kutu. Siku za Idd, Jumapili, likizo za shule, na hasa Disemba jua la kaskazi linapowaka, hapo hujaa watu. Watu wa Waa huja, wa Kwale na Ukunda huja, na wa Nairobi huja na magari yao. Hukodi mipira ya kuogelea, hununua madafu na viazi karai, watoto hupiga mbizi mpaka macho yawe mekundu. Ni raha ya bure ambayo Mwenyezi Mungu hakumwekea mtu lango. Jioni huondoka, na walivyokula wakaviacha pale pale vilipowaangukia.

Mbwana ndiye aliyekuja nyuma yao. Lakini usidhani alikuwa malaika mpole wa kufagia kimya kimya. Alikuwa na mdomo. Alisimama mbele ya familia iliyotandika jamvi akauliza, "Samahani, kwenu mkila mifupa mnaitupa kitandani?" Safari moja watu wa gari la kifahari waliacha mfuko wa pampasi za mtoto chini ya mti. Mbwana aliunyanyua, akalikimbilia lile gari lililokuwa likirudi nyuma taratibu, akautia dirishani. "Mmesahau mzigo wenu, jamani!" Aliyekuwa akiendesha akashuka akamzaba kofi. Mbwana akaokota kofia yake, akaikung'uta mchanga, akamwambia, "Asante. Lakini mzigo ni wako."

Chiku alilia siku ile. "Kaka, utatutia aibu mpaka lini?"

"Aibu?" Mbwana alishika shavu. "Aliyeacha mavi ya mwanawe kwenye mchanga wa watu hana aibu, niwe nayo mimi?"

Katikati ya Mivinjeni pana mkungu, mti ule wa kungu, wenye majani mapana yaliyopangana kama sinia. Mbwana aliupanda mwaka aliofariki mama yao. Alikuwa amesikia darasani msikitini kwamba mwenye kupanda mti, kisha mtu au ndege au mnyama akala katika mti ule, huandikiwa sadaka. Akarudi nyumbani na mche kwenye kopo. "Wenzangu wanachimbia wazee wao visima," alimwambia Chiku. "Mimi sina cha kuchimbia kisima. Mama atachuma thawabu kwa kungu." Aliubebea maji kiangazi baada ya kiangazi. Sasa kivuli chake kinafunika majamvi ya familia nne, watoto wa shule hugonga kungu zake kwa mawe wakala kiini, na popo huzimaliza zilizobaki. Kila Chiku alipopita chini yake alimsomea mama yake Fatiha.

Kwa ajili ya mkungu ule Mbwana alikuwa na sharti moja ambalo hata mahasimu wake walilijua. Moto hauwashwi chini ya mti. Alichimba meko mbali, kando ya ukuta wa hoteli, akapanga mafiga ya mawe na kuzungusha matofali. Wapishi walinung'unika kwa kuwa kaskazi hupita pale ikavuma hasa, na moto ukataka kushikwa mkono kama mtoto. Mbwana alikuwa akiwaambia, "Moto ukizimika utauwasha tena. Mti ukizimika utauwashaje?"

Basi mwaka huu, siku ya pili baada ya mwaka mpya wa Kizungu, Mivinjeni pakiwa pameachwa kama uwanja wa vita, Mbwana alikuwa akikokota gunia pekupeku, kama alivyozoea, akakanyaga kipande cha chupa ya pombe kilichofukiwa mchangani. Alikitoa mwenyewe, akafunga mguu kwa kitambaa, akaendelea kufagia. Hakumwambia mtu. Mwenye sukari mguu haumuumi vizuri, na hiyo ndiyo hatari yake. Chiku alipokuja kuusikia ule mguu kwa harufu, ulikuwa umeshageuka rangi. Madaktari walifanya walichoweza.

Siku za mwisho kule wadi ya hospitali, Chiku alikaa ubavuni akimsomea Yasini. Mbwana alifumbua macho akamkatiza. "Chiku. Kile kigae kilikuwa cha ubavu wa chupa."

"Pumzika, kaka."

"Chupa haivunjiki kipande kimoja. Shingo yake iko wapi? Watoto wanakimbia pale." Akapiga shahada baada ya muda mfupi, na hayo ya shingo ya chupa ndiyo aliyomwachia dada yake kuwa wasia. Wengine huachiwa minazi.

Mbwana alizikwa kabla ya Alasiri. Matanga yalipoanuliwa, alikwenda Mivinjeni na chekeche ya unga, akapiga magoti, akachekecha mchanga wa pale Mbwana alipomwelekeza hospitalini kuwa ndipo alipokanyaga. Aliipata ile shingo ya chupa, nene, ya kahawia, yenye meno. Aliifunga kwenye pindo la leso yake akarudi nayo nyumbani. Hakujua anaitakia nini. Alijua tu kwamba hawezi kuitupa.

Mwezi wa Shaabani ulipoelekea mwisho, Ustadhi Swabir, mwalimu wa madrasa, alibisha hodi uani.

"Salaam aleikum, Bi Chiku."

"Waaleikum salaam, Ustadhi. Karibu ndani."

"Sikai. Nimetumwa. Wanakijiji wameonelea jungu la mwaka huu tukalivunjie Mivinjeni, sote, halafu tumwombee dua marehemu pale pale. Mheshimiwa wetu naye amesema atatoa ng'ombe."

Chiku akashika mlango. Kuvunja jungu ni ada ya watu wa pwani. Kabla ya mwezi wa toba, watu hutoka na masufuria yao wakaenda kula na kufurahi ufukweni au mashambani, wakaombana radhi, wakaingia Ramadhani na nyoyo nyeupe. Siku kama hizo Mbwana alikuwa akitukanwa tangu asubuhi hadi magharibi. Na leo kijiji kizima kinataka kumwombea! Machozi yalimtoka ya furaha, ya kwanza tangu mazishi.

"Neno langu ni moja tu, Ustadhi. Moto uwashwe mekoni kwake."

"Hilo halina shaka."

Siku ilipofika, Chiku aliswali Adhuhuri nyumbani, akajitwika beseni la kachumbari na kushuka. Kabla hajafika aliona moshi, na moshi ulikuwa mahali sipo. Haukutoka ukutani. Ulikuwa ukipanda katikati, ukipenya kwenye majani ya mkungu.

Akaharakisha. Alichokiona kwanza kilikuwa uso wa kaka yake. Walikuwa wamechukua picha ya kitambulisho chake wakaikuza ikawa kubwa kama mlango, wakaitia kwenye bango lenye maandishi ya kijani: BUSTANI YA MBWANA. TUTUNZE MAZINGIRA YETU. Bango lile lilikuwa limepigiliwa kwenye shina la mkungu kwa misumari ya inchi nne, mmoja kila pembe, na utomvu ulikuwa ukichuruzika.

Chini ya bango, shina likiwa ndilo ukuta wake, moto mkubwa ulikuwa ukiwaka. Sufuria la pilau lilikaa juu yake likitokota. Majani ya juu yalikuwa yamejikunja kama karatasi. Aliyeshika mwiko alikuwa Ramadhani, binamu yao, mpishi wa harusi zote za Mtsangani.

"Ramadhani! Huo moto umeuweka wapi?"

"Dada, shikamoo."

"Nimekuuliza moto!"

"Kule ukutani upepo unatambaa, dada. Nimewasha mara tatu, mchele umekataa. Hapa shina linakinga."

"Shina linakinga! Na wewe siku ya kiama utakingwa na nini?"

Ramadhani akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekosa na hataki kujua. "Nyama ikiiva tu nahamisha. Wallahi. Tena pilau yenyewe si ya kwake marehemu? Hatachukia."

Chiku alitua beseni akaishika ndoo ya maji. Wanawake wawili wakamdaka mikono. "Chiku, wageni hao wanaingia. Usitutie aibu." Neno lile lilimkata maini. Ndilo alilokuwa akimwambia Mbwana miaka yote.

Kweli, gari la Mheshimiwa lilikuwa likiingia, likapita juu ya miche ya mivinje ambayo Mbwana aliizungushia vijiti. Kijana wa spika kutoka Ukunda, jina lake Lewis, alikuwa akivuta nyaya baina ya miti. "Mathe, songa kiasi, hiyo waya ni ya spika," alimwambia Chiku. "Leo ni event kubwa, ama?" Chiku aliiruka ile waya. Alisogea akakaa mwisho wa jamvi.

Watu walikuwa wengi, na si haba waliokuja na fulana mpya zenye uso wa Mbwana kifuani. Pilau ikapakuliwa kwenye sahani za kutupa, nyepesi kama pamba, maji yakagawiwa kwenye chupa ndogo ndogo, soda zikapita. Kaskazi haikuchelewa. Sahani ya kwanza iliyomalizwa ilipaa, ikabingirika mchangani, ikaingia baharini. Ikafuata ya pili. Mzee mmoja aliyevaa fulana ya Mbwana alitafuna mfupa, akautazama, akautupa nyuma ya bega lake bila kugeuka.

Mheshimiwa alisimama. Alisema marehemu alikuwa shujaa. Alisema vijana waige mfano wake. Alisema mazingira ni uhai, na uhai ni mazingira, na watu wakapiga makofi. Akanywa maji baina ya sentensi na sentensi. Maji yalipokwisha, aliinama akaituliza ile chupa mchangani, polepole, kama mtu anayeweka yai, akaendelea kusema juu ya kutunza mazingira.

Chiku alikuwa akitazama ile chupa. Chini ya leso yake, kidole chake kilikuwa kikipapasa fundo.

Ilisomwa dua. Ustadhi Swabir aliisoma vizuri, na waliokuwa na machozi walilia. Kisha akasema lile lililokuwa likingojwa. "Ndugu zangu, mwezi unaweza kuandama kesho. Tusiingie Ramadhani na vinyongo. Tuombane radhi." Watu wakageukiana, wakapeana mikono. "Nisamehe, jirani." "Nimekusamehe, nawe unisamehe." Sauti zilikuwa kama mvua ndogo juu ya makuti. Hapo Ustadhi akainua mkono tena. "Na ndugu yetu Mbwana hayupo tumwombe mwenyewe. Wapo waliomtolea maneno, wapo waliomkejeli. Bi Chiku ndiye mfiwa, ndiye mrithi wake. Tunamwomba atupe radhi kwa niaba yake."

Ni neno moja tu linalotakiwa. Mfiwa husema "Nimewaridhia," na watu husema "Alhamdulillahi," wakainuka na kukunja majamvi. Chiku alisimama. Alijua kijiji kizima kinangoja hilo neno, na alijua kwamba likishatoka, kaka yake amekwisha kabisa. Mkungu utaungua, chupa zitafukiwa, na kila mtu atalala usingizi mwema.

"Siwapi," alisema.

Spika ya Lewis ilitoa mluzi. Akaizima mwenyewe.

"Bi Chiku," Ustadhi alisema kwa upole, "leo ni siku ya kusameheana. Kinyongo hakifai kuingizwa katika mwezi mtukufu."

"Ustadhi, ni wewe uliyetusomesha sharti za toba. Si uliache kosa? Si ulijutie? Si uazimie kutolirudia? Na ikiwa ni haki ya mja, si umrudishie mwenyewe haki yake?"

"Ni kweli."

"Basi waambie watazame chini."

Watu wakatazama chini. Hawakutaka, lakini shingo ziliinama zenyewe. Palikuwa na sahani, chupa, mifupa, mifuko, vikopo vya mtindi, na mchanga ukichungulia kati yake.

"Hilo kosa mmeliacha?" Chiku akaunyooshea mkono ule mchanga. "Pilau ya khitma yake iko bado mdomoni, na takataka zake mmempa azifagie nani? Mbwana alifagia nyuma yenu mkamwita Bwana Afya. Kafa, mmemvaa kifuani. Mmemgongomea misumari kwenye mti wa mama yake, mkamkokea moto miguuni! Mngemchukia mngemfanya nini zaidi?"

Akafungua fundo la leso. Ile shingo ya chupa ilimeta juani.

"Hii ndiyo iliyomuua. Kipande kimoja kiliingia mguuni kwake, hiki nilikichekecha mwenyewe kwenye mchanga wanakokimbia wanenu. Aliyeivunja simjui. Huenda ni mgeni, huenda yuko hapa anakula. Lakini aliyeiacha ninamjua. Tuliiacha sote, tukisema Bwana Afya ataokota."

Palepale mwanamume mmoja aitwaye Tembo, mwenye kukodisha mipira ya kuogelea, aliyekuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mbwana, akapaza sauti kutoka nyuma. "Haya! Bwana Afya kafa, tumepata Bibi Afya!"

Baadhi wakacheka. Chiku akamgeukia. "Ndiyo, Tembo. Na huyu hafi kwa chupa, maana anavaa viatu. Mtamchoka."

Kicheko kikabadilika upande.

"Radhi ya Mbwana ipo," Chiku akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi nani hata niizuie? Mungu ni mwingi wa kusamehe, na kaka yangu hakuwa mtu wa kuweka moyoni. Alikuwa anatukana, akimaliza anacheka. Lakini haichukuliwi kwa mdomo. Ataichukua mwenye gunia."

Akaenda kwenye vitu vya wapishi, akatwaa gunia lililokuwa la viazi, akainama akaanza kuokota. Alianza na ile chupa ya Mheshimiwa.

Usifikiri watu walimfuata. Mheshimiwa alitazama saa yake, akakumbuka ana mkutano Kwale, akaondoka, na gari lake likapita tena kwenye miche. Wanawake wengi walikunja majamvi kwa hasira. "Mwanamke ana roho ya jiwe huyu." "Mbele ya wageni!" "Tena siku ya dua!" Wenye fulana walizivuta chini wakaenda zao. Nusu ya watu walikuwa wamepanda njia ya kijijini kabla gunia la Chiku halijafika nusu.

Waliobaki walikuwa wachache. Ustadhi Swabir alikuwa wa kwanza. Alikunja kanzu yake akaifunga kiunoni, akachukua gunia. Ramadhani naye alikuwa ameshavuta kuni, akamwaga maji, akawa amesimama anatazama gome lililogeuka jeusi kutoka ardhini hadi kwenye bango.

"Dada. Nimeunguza."

"Umeunguza."

"Utapona?"

"Muulize aliyeuumba. Mimi nauza kachori."

Ramadhani akaangua kilio, mtu mzima mwenye tumbo lake. Chiku hakumbembeleza. Alimwonyesha bango kwa kidole. "Mtoe kaka yangu misumari."

Akaitoa mmoja mmoja, kwa koleo la kushikia makaa.

Ramadhani, mwezi mtukufu wenyewe, uliandama kesho yake. Ulikuwa mwezi mgumu kwa Chiku. Majani ya mkungu upande wa motoni yalidondoka yote, na kila aliyepita aliyaona. Kachori zake za futari, ambazo miaka yote zilikuwa zikiisha kabla ya adhana, zilibaki sinia zima. Walisema amewafungia watu milango ya msamaha. Wengine walisema mwanamke hafai kusimama akahutubia. Alisali, alilia, alimwuliza Mola wake kama amekosa. Lakini kila alipotaka kulegea, alipitia Mivinjeni, akainusa ile harufu ya gome lililoungua, na hasira ikamrudia kama pumzi.

Kisha wakaanza kuja. Hawakuja kwa kundi. Mmoja mmoja, baada ya Alasiri, njaa ikiwa imewalainisha. Mama mmoja aliyekuwa akimtukana Mbwana kwa jina la wazazi wake alikuja na gunia la mkaa lililotoboka, akaokota mpaka ukutani, akaja kusimama mbele ya Chiku bila kumtazama. Chiku akalipima gunia kwa macho, akamshika mkono. "Mbwana amekuridhia." Mama yule alikaa chini kama aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Wakaja wa bodaboda watatu. Akaja mzee aliyetupa mfupa nyuma ya bega. Alikuja Ramadhani kila siku, aliyekwisha kupewa radhi siku ya pili, lakini hakuacha kuja. Aliubebea mkungu maji mabegani kama Mbwana zamani, na akalijenga upya lile meko la ukutani, akaliinulia matofali upande wa kaskazi. Lilikuwa jambo la matofali tu, jamani. Miaka yote hiyo mti uliponea chupuchupu kwa kukosa matofali sita ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaweka.

Mheshimiwa hakuja. Alimpigia simu Ustadhi, Ustadhi akaileta hiyo simu kwa Chiku, na Mheshimiwa akasema kwa sauti tamu kwamba anaomba radhi kwa yaliyopita.

"Mheshimiwa, shikamoo," Chiku alisema. "Radhi haitumwi kwa simu. Gunia tutakuwekea."

Tembo naye hakuja, na Chiku hakumtarajia.

Siku ya Idd ilipambazuka na jua kali. Mkungu ulikuwa mti wa sura mbili. Upande wa moto, matawi matupu na gome lililopasuka. Upande wa bahari, majani machanga mekundu yalikuwa yakichomoza. Ramadhani alitaka kusema umepona. Chiku alimzuia. "Usimsemee Mungu. Tungoje masika."

Baada ya sala ya Idd, Chiku alisimama kwenye mwanya wa kuta mbili, pale watu wanapoingilia Mivinjeni. Alivaa leso mpya na viatu vya mpira. Miguuni pake palikuwa na rundo la magunia yaliyofuliwa, na juu ya jiwe kando yake aliiweka ile shingo ya chupa, ionekane. Kila familia iliyoingia aliiambia, "Idd mubarak," akawatia gunia mkononi. Wa Mtsangani walilipokea bila kuuliza. Watoto wao walizunguka ule mti ulioungua wakiugusa kwa kidole.

Kisha likaja gari la vijana wa Nairobi, na muziki, na kreti mbili za chupa. Wakashuka, mashati mabegani. Chiku akamnyooshea wa mbele gunia.

Kijana akacheka kwa mshangao. "Mama, sisi ndio tumefika sasa hivi. Hatujachafua kitu. Si ati ni sisi."

"Najua, mwanangu. Huenda si nyinyi."

"Sasa mbona unatupatia?"

Chiku aliinua ile shingo ya chupa, akamwekea kiganjani, meno yake yakiwa juu. Kijana akaacha kucheka.

"Aliyeivunja hii alimuua kaka yangu, na mimi simjui sura," Chiku alisema. "Ndiyo maana nampa kila mtu."

Akaichukua shingo yake ya chupa, akairudisha juu ya jiwe, akamgeukia aliyefuata. "Idd mubarak. Karibuni. Shikeni gunia."